Maji ya Kwanza ya Kavimvira

Wiki iliyopita mlikuja kwenye bomba lililo mbele ya nyumba yangu, nyinyi wawili, na vizibao vyenu vinavyong'aa na lile sanduku lenye mashine ya namba. Umeme ulikuwa umerudi asubuhi hiyo, na maji nayo. Mlifungua bomba mkaacha maji yamwagike huku mmoja wenu akitazama saa. Yakamwagika mpaka kuku wa jirani wakaja kunywa mtaroni. Kisha mkauchoma mdomo wa bomba kwa pamba yenye alkoli, mkajaza chupa, mkaingiza kipimo, mkasoma namba. Yule mrefu akanigeukia kwa heshima akasema, "Papa, maji yenu iko muzuri."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wangu alinigombeza baadaye, akasema si adabu kucheka watoto wa watu wakiwa kazini. Lakini nani asingecheka? Mlipofika na sanduku lenu, akina mama wa hapa walikuwa wameshaondoka na bidoni zaidi ya kumi za maji ambayo nyinyi hamkuyaona kabisa. Hayo ndiyo yaliyonywewa siku ile na siku mbili zilizofuata. Mlichokipima nyinyi kilinywewa na kuku.

Sasa nawaandikia, maana mlinitazama kama mzee aliyepotelewa na akili. Akili ninazo. Nilichoma mabomba ya mji huu wa Uvira maisha yangu yote ya kazi, vilevile kama nyinyi, isipokuwa siku moja, siku ya Jumanne. Nitaifikia hiyo Jumanne, lakini mniache nifike kwa miguu yangu.

Mwalimu wangu aliitwa Baba Kashindi. Hakuwa na diploma hata moja. Alikuwa na sahani nyeupe ya bati, iliyomeguka ukingoni, na kila asubuhi kabla ya kugusa mashine alichota maji kwenye birika la kuchujia, akayamimina katika sahani hiyo na kuyazungusha juani. Uchafu ukikusanyika katikati, aliongeza shabu, dawa ya kuvuta tope chini. Ukiwa haupo, alipiga mluzi. Mainjinia waliotoka makao makuu walimcheka na sahani yake. Walituletea kifaa kizuri cha kupima tope, chenye taa ya kijani, na kifaa hicho kikafanya kazi vizuri sana mpaka betri zilipokwisha. Betri nyingine hazijaletwa hadi leo. Sahani ilizidi kufanya kazi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa ufunguo wa chumba cha dawa, na hapo ndipo nilipojiona bwana mkubwa. Siku moja mvua ilinyesha milimani, mto ukashuka mwekundu, umebeba migomba mizima. Nikaogopa. Nikatia klorini kipimo mara mbili. Kisha nikaenda kula, niliporudi sikukumbuka kama nilikuwa nimeshatia, nikatia tena. Kufika saa sita mchana mji mzima ulinuka kama sakafu ya hospitali. Chai ya hotelini ilirudishwa jikoni. Wanakwaya wa kanisa moja walikuja ofisini na sketi zao mpya za buluu zilizotoka mabaka meupe, wakasema ni maji yetu. Mimi mpaka leo nasema ilikuwa sabuni ya magendo, lakini siku hiyo sikuthubutu kufungua mdomo.

Baba Kashindi hakunipigia kelele. Alichota gilasi kwenye bomba la uani, akaniletea mbele ya sketi zote zile.

"Kunywa," akasema. "Ile yenye unatumia batu, anza weye."

Nikanywa. Koo liliwaka, machozi yakanitoka, wanakwaya wakapiga makofi. Tangu hapo nilishika desturi ya kuonja maji kila asubuhi kabla hayajatumwa mjini, na nilijivunia jambo hilo kwa miaka. Fahari ya kijinga. Niliyaonja pale kwenye kiwanda, wakati hayajaanza safari. Ni sawa na kumsifu mtoto kwa usafi wakati ndiyo kwanza anatoka kuogeshwa, hajapita hata barazani.

Watu wa mji nao msidhani ninawasamehe. Baada ya habari ya sketi, harufu ya dawa ikawa uchawi. Mtu anayeteka maji ziwani, hatua chache kutoka mahali ambapo jirani yake amechuchumaa, hakunji uso hata kidogo. Mpe maji ya bomba yenye harufu kidogo ya dawa, atapiga simu redioni kulalamika. Wakazusha kwamba dawa inafunga uzazi, mji ambao kila nyumba ina watoto wanaomwagika mlangoni! Na wakubwa wetu, ambao waliogopa redio kuliko kipindupindu, walituamuru tupunguze kipimo. Tukapunguza. Harufu ikatoka, watu wakatusifu, na maji yakawa yanafika ncha za mji bila nguvu yoyote ya kujitetea.

Niwaambie pia kuhusu mkutano mmoja. Tuliitwa kwenye hoteli nzuri kando ya ziwa kuzungumzia ubora wa maji ya mji. Kulikuwa na kitambaa kirefu ukutani chenye maandishi ya Kifaransa, na mezani, mbele ya kila mkubwa, chupa ya plastiki ya maji yaliyovushwa kutoka Bujumbura. Wakasema maji yetu ni salama, huku wakifungua vizibo, krak, krak. Ilipofika zamu yangu nikaomba gilasi ya maji ya bomba ili ninywe nikisema. Mtumishi akainama kunong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, ukumbi wote ukasikia: "Papa, ile hatunywaka hapa." Walikohoa, wakaendelea na ajenda.

Basi, jambo moja la ufundi kabla sijafika Kavimvira, na mlisikilize, maana mashine yenu haitawaambia. Baba Kashindi alinionyesha kwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Alikitoboa tundu dogo katikati, akakijaza maji, akaniambia nishike ncha ya juu na kuiziba kwa dole gumba. Tundu akalizamisha ndani ya beseni la maji aliyoyakoroga na makaa. Kisha akaachilia ncha ya chini. Maji safi yakatoka, na nyuma yake yakafuata maji meusi tii.

"Unaona? Bomba likiwa limejaa, tundu linatapika inje," akasema. "Likianza kuisha, tundu linakunywa."

Ndivyo ilivyo katika mji wetu. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, bomba linamwaga kilichomo kuelekea chini, na kila tundu njiani linavuta kilichokuwa kando yake: mtaro, choo, matope. Maji yakirudi, yanasukuma uchafu huo wote mbele yao mpaka kwenye mdomo wa bomba la mtu. Nilimsikiliza Baba Kashindi, nikacheka kuona maji meusi, nikanawa mikono, nikasahau. Kitabu cha kazi kilisema mwaga kwanza, choma, ndipo uchukue. Kitabu hicho kiliandikwa mahali ambapo maji hayakatiki. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama kinafaa hapa kwetu, na tulikuwa na mainjinia watano ofisini.

Sasa Kavimvira.

Miaka michache kabla sijastaafu, bomba la umma la mtaa huo wa Kavimvira, jirani na barabara ya mpakani, lilitunzwa na Mama Nabintu. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alikaa katika kibanda cha mbao kando ya bomba, na ufunguo wa bomba aliuvaa shingoni. Foleni yake ilikuwa ya bidoni, siyo ya watu: unaweka bidoni yako, unaiwekea jiwe juu, unaenda kufanya biashara zako, ukirudi unaikuta palepale. Nilishaona mke wa ofisa wa forodha akijaribu kuruka foleni hiyo. Alirudi mwisho na bidoni yake mkononi, na watu wakimwimbia.

Kulikuwa na ruhusa moja tu. Maji yakirudi baada ya kukatika, bidoni ya kwanza ilikuwa ya mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua. Hakuna aliyejua maji yatadumu saa ngapi, labda nusu saa, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga hakustahili kubahatisha. Mama Nabintu alianzisha desturi hiyo mwenyewe na mtaa wote ukaipenda. Wazazi wakiwa watatu, basi bidoni tatu za kwanza ni zao, tena yeye mwenyewe ndiye aliyezijaza na kuwatwisha. Padri aliwahi kuitaja kwenye mahubiri.

Msimu huo kipindupindu kilikuja kama kinavyokuja kila mara. Lakini katika mtaa ule kilichagua. Kiliingia nyumba ya binti mmoja, Riziki, aliyekuwa na mtoto wa wiki mbili. Walimpakia kwenye pikipiki kati ya dereva na shemeji yake, kichwa kinaning'inia, wakamfikisha kwenye kituo cha matibabu akiwa hana sauti. Kikaingia nyumba ya pili, yenye mtoto mchanga, wakamzika mama mkwe. Kikaingia ya tatu, nayo ya mzazi. Watu wakatazamana. Nani anawagusa wazazi wote hawa? Nani anawajazia maji kwa mkono wake, kabla ya kila mtu? Na mjane, tena hana mtoto?

Mnajua neno lililofuata, maana mmekulia hapa. Sumu, sumu ya mchawi. Walianza kulisema kwa sauti ya chini, baada ya siku chache wakalisema mbele yake. Vijana fulani wakaapa watavunja kibanda, na kama hataondoka watamtoa wao. Shefu wa avenue, yaani mkubwa wa mtaa, mtu mwoga lakini si mbaya, akaiandikia ofisi yetu ije ipime maji, kesi ikatwe. Maji yakiwa mabaya, mama ameokoka. Yakiwa mazuri, basi ugonjwa umetoka mkononi mwake. Hakuiandika hivyo, lakini ndivyo kila mtu alivyoielewa, isipokuwa mtaalamu aliyetumwa. Mtaalamu huyo ni mimi.

Nikaenda Jumamosi na sanduku langu. Wakati huo tulitumia vidonge: unatia kidonge kwenye maji, klorini ikiwemo yanageuka rangi ya waridi, isipokuwemo yanabaki jinsi yalivyo. Kwa sababu hiyo mji mzima uliniita Papa Kidonge. Nikafungua bomba, nikamwaga, nikatazama saa, nikachoma, nikachukua, nikatia kidonge. Waridi safi. Nikainua kichupa juu ili watu waone. Kisha nikawahutubia, Mungu anisamehe. Nikawaambia maji yetu ni safi, ugonjwa unatoka kwenye vyombo vichafu na mikono michafu, wanawake waache uvivu, waoshe bidoni. Niliipenda sana sauti yangu siku ile. Nikaona watu wanatikisa kichwa kukubali, nikadhani wamenielewa. Walinielewa vizuri kuliko nilivyojielewa. Nilikuwa nimesema: ni mikono. Na mikono waliyoitazama ilikuwa miwili tu.

Nikiwa nafunga sanduku, Mama Nabintu akanisogelea. Hakulia wala hakunisihi.

"Papa Kidonge, weye unachukuaka maji ya ngapi?"

"Ya ngapi namna gani, mama?"

"Yenye inatoka kwanza, ao yenye inatoka nyuma?"

"Ya kwanza tunamwangaka. Njo sheria ya kazi."

Akanyoosha kidole kuelekea bidoni ya kwanza ya foleni.

"Ile unamwangaka," akasema, "minye njo ninapatiaka muzazi."

Mngetaka niwaambie kwamba nilishtuka na kutupa sanduku chini. Hapana. Nilimjibu kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu. Nikapanda pikipiki. Tulipofika karibu na soko ndipo maneno yake yalipoanza kunizunguka, kwamba yale ninayoyamwaga mimi ndiyo anayowapa wazazi, nikaona beseni la makaa la Baba Kashindi, ambaye wakati huo alikuwa ameshakufa, na ile ncha ya mpira ikitoa maji meusi. Nikamwambia dereva asimame. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, twende nyumbani.

Jumatatu umeme ulikatika. Jumanne asubuhi nikaenda Kavimvira, maji hayajarudi, nikakaa juu ya bidoni iliyopinduliwa, kwenye foleni ya akina mama. Walinisema. Mmoja aliuliza kama mke wangu amenifukuza. Jua lilipopanda, bomba likaanza kupumua, likatema hewa, likakohoa kutu, na Mama Nabintu akaniita. Sikumwaga. Sikuchoma. Nilichukua yale yale ambayo yangeingia kwenye bidoni ya mzazi, yana rangi ya chai nyepesi na harufu ambayo sitawaeleza. Nikatia kidonge.

Maji yakabaki vilevile. Nikatikisa. Vilevile.

Mama Nabintu alikuwa ameinama bega kwa bega nami.

"Haigeuke," akasema.

"Ndiyo. Haigeuke."

Nikapima bidoni ya pili, ya tatu, ya nne, hadi ya saba, zote hivyo hivyo. Kwenye ya nane ikaja rangi hafifu, na baada ya hapo waridi safi, ile niliyowaonyesha watu Jumamosi kwa majigambo. Foleni nzima ilikuwa imekaribia. Riziki mwenyewe alikuwepo, amerudi kutoka kituo cha matibabu, amekonda, mtoto mgongoni. Mama mmoja akaniuliza, "Papa, inasema nini?"

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Nilikuwa na kichupa mkononi na watu wote mbele yangu. Nikasema, "Mungojee. Nitafanya raporo."

Raporo, yaani ripoti! Unajificha nyuma ya neno hilo kwa sababu ni la Kifaransa na lina heshima. Nilimwambia Mama Nabintu amwage bidoni saba za kwanza kila maji yakirudi, jambo ambalo mtu anayeitwa mchawi hawezi kulifanya mbele ya watu wenye kiu, nami nililijua hilo. Nikaondoka na chupa yangu. Kwenye maabara nikaotesha vijidudu, na Jumatano asubuhi visahani vilikuwa vimejaa madoa, hata nafasi ya kuhesabu haikuwepo. Nikafungua daftari kubwa la vipimo. Lilikuwa na safu moja tu ya matokeo. Nikachukua rula na wino mwekundu, nikachora safu ya pili kando yake, nikaandika juu: maji ya kwanza. Nikajaza mstari mmoja. Kisha nikaenda kwa shefu wetu wa ofisi.

Alisoma, akavua miwani.

"Nani alikupatia ruhusa ya kuchora hapa?"

"Shefu, kuko mama wanataka kumufukuza. Ni bomba yetu njo inapitisha uchafu."

"Unataka tuandike siye wenyewe kama maji yetu iko mubaya? Ulishaonaka mama anauzisha samaki na anasema imeoza?"

"Batu wanagonjwa, shefu."

"Umebakisha miaka ngapi ya kufika pansheni?" Akanirudishia karatasi. "Tutaiangalia lundi. Kwenda utulie."

Nami, mwanafunzi wa Baba Kashindi, niliyenyweshwa gilasi ile mbele ya wanakwaya, nilikwenda nikatulia. Alhamisi nilikaa ofisini nikinoa penseli. Nilikuwa nikijiambia kwamba bila muhuri neno langu halina uzito, kwamba siku chache hadi Jumatatu si kitu. Ijumaa mchana dereva mmoja wa pikipiki alipita getini akanipasha habari kama mtu anayesimulia mpira: kibanda cha Kavimvira kimevunjwa, mbao zimeshabebwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyembeba yule mama hadi kwenye magari yaendayo Sange, na mfuko mmoja tu, na alama ya jiwe juu ya jicho.

Nililia chooni, kama mnataka kujua. Haikumsaidia mtu.

Jumamosi nilifuata bomba kwa miguu, kutoka kibanda kilichovunjwa kurudi nyuma. Sikwenda mbali. Nyuma ya uwanja wa malori, mahali madereva wanapojisaidia, bomba letu linapita ndani ya mtaro wenyewe, na lilikuwa na tundu la kuingia kidole. Tundu lilifungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na fundo lake nililitambua. Ni fundo la ofisi yetu. Fundi wetu ndiye aliyelifunga, kwa haraka, pengine mwaka uliotangulia, akaandika kwamba amelirekebisha. Hakuna mchawi aliyehitajika. Tulitosha wenyewe.

Lilizibwa asubuhi moja, kwa kipande cha bomba kilichokuwa kikiota kutu stoo. Baada ya hapo maji ya kwanza yakawa yanageuka waridi, na shefu wetu akaenda redioni kutangaza kwamba ofisi imeboresha mtandao wa Kavimvira. Jina la Mama Nabintu halikutajwa. Bomba likapewa mtunzaji mwingine, na desturi ya mzazi ikafa siku hiyohiyo. Sasa bidoni ya kwanza ni ya mwenye kiwiko kigumu.

Jumapili iliyofuata nilinakili mstari wangu mwekundu kwenye karatasi, kwa mkono, nikaweka jina na sahihi yangu, nikapanda gari la Sange. Nilimkuta kwa kaka yake, kando ya barabara kuu, anageuza mpunga juani juu ya turubai. Jicho lilikuwa bado limevimba. Alinipa kiti, akaniletea maji katika kikombe cha bati kama anavyopewa mgeni yeyote. Katika kazi yetu mtu hanywi kabla ya kuuliza yametoka wapi. Nilikunywa yote bila kuuliza.

Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, kidole kinafuata mstari, macho yakitafuta muhuri.

"Haina kashe."

"Shefu alikatala, mama."

Akaendelea kusoma. Kidole kikasimama kwenye siku ya Jumanne.

"Hapa uliandika mardi."

"Ndiyo."

"Vendredi njo walinivunjia."

"Ndiyo, mama."

"Ile mardi ulikuwa na kinywa?"

Mpunga ulikuwa ukinuka vizuri, magari yakipita.

"Bamama bote walikuwa pale," akasema. "Walikuuliza. Ungesema tu: haiko Nabintu, ni maji. Hivi tu. Hawangeomba kashe." Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. "Minye ninajua. Wapelekee wale."

Niliwapelekea. Siku maji yaliporudi nilisimama kwenye foleni ile nikaisoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, nikasema na tarehe, nikasema na kwamba nilijua nikanyamaza. Riziki alifunika uso kwa kitenge. Wengine walitazama chini. Mmoja aliuliza kama nimemaliza, kwa sababu bomba limeanza kutoa. Shefu wa avenue alituma watu Sange kumwomba radhi mama yule, wakarudi na salamu tu. Yuko huko hadi leo.

Kwa hiyo msinitazame vibaya nikiwacheka. Mashine yenu ni nzuri, namba zake ni za kweli, nanyi mnafuata kitabu vizuri kuliko nilivyokifuata mimi. Daftari langu bado liko katika kabati la maabara, rafu ya chini, chini ya makatoni. Mtaona ile safu nyekundu. Kuanzia siku ile hadi nilipoondoka sikuruhusiwa kuijaza tena, na sikuijaza, kwa hiyo ina mstari mmoja tu. Umeme utakatika wiki hii, hilo halihitaji mashine. Nendeni mkakae kwenye foleni kabla maji hayajarudi, mvumilie masimango ya akina mama, mchukue yale yanayotoka mwanzo kabisa bila kumwaga, bila kuchoma. Na kipimo kikikataa, kuna mtu atawauliza kinasema nini. Mjibuni palepale, kabla hamjafunga sanduku.